Usijibanze Pembeni: Ushauri kwa Anayekwenda Kazini kwa Baiskeli

Anayeanza kwenda kazini kwa baiskeli huonywa juu ya mambo mawili, ajali na jasho, lakini haonywi juu ya kile kitakachomchosha kweli, yaani vurugu ndogo ndogo za kila siku: honi inayopigwa nyuma yake bila sababu, gari linalompita kwa kasi ili likakate kona mbele ya tairi lake, mtembea kwa miguu anayeshuka barabarani macho yakiwa kwenye simu, na mlinzi wa jengo anayetaka kujua kwa nini baiskeli haikuachwa nje. Nimesafiri hivi kwa miaka mingi katika barabara zenye msongamano, na maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kero hizo inatokana na nafasi unayoichukua barabarani. Anayejibanza ukingoni kana kwamba anaomba radhi kwa kuwapo hupata taabu zaidi kuliko yule anayekaa mahali anapoonekana, na ambaye wengine wanaweza kuitambua nia yake mapema.

Ukingoni ndiko kunakorundikana mchanga, vipande vya chupa na misumari, na ndiko iliko mifuniko ya mitaro ambayo mianya yake wakati mwingine humeza tairi jembamba. Lakini hasara kubwa zaidi iko nyuma yako. Dereva akikuona umejibana pembeni huhesabu kwamba njia iliyobaki inamtosha, kwa hiyo hukupita bila kupunguza mwendo na bila kuhama njia, kioo chake cha pembeni kikikaribia kukugusa kiwiko. Ukisogea ndani kidogo, hesabu hiyo inavunjika, na inambidi ama asubiri ama ahamie njia ya pili kama anavyofanya anapolipita gari jingine. Uingereza walipoirekebisha kanuni yao ya barabarani mwaka 2022 waliandika wazi kwamba mwendesha baiskeli akae katikati ya njia yake katika barabara tulivu, katika foleni inayokwenda polepole na anapokaribia makutano, na kwamba penye magari yaendayo kasi aache angalau nusu mita kutoka ukingoni. Nchini Ujerumani sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli mjini. Hata kama unapoishi hakuna aliyeandika kanuni ya namna hiyo, vipimo hivyo vinafaa kukaa kichwani mwako.

Kusogea huko kuna utaratibu wake. Geuza kichwa utazame nyuma, nyoosha mkono, kisha hama polepole ukiwa bado na nafasi ya kughairi. Kuhama ghafla ndiko kunakowafanya madereva waamini kwamba waendesha baiskeli hawatabiriki, na katika hilo siwalaumu. Barabara inapopanuka tena, rudi upande wako na umwinulie mkono aliyekuwa akikusubiri nyuma. Honi utapigiwa, hasa siku za mwanzo, na nyingi kati yake hazina maana zaidi ya kukujulisha kwamba mpigaji ana haraka. Afadhali honi ya mtu aliyekuona kuliko ukimya wa asiyejua kwamba upo.

Nafasi hiyo hiyo ndiyo inayokuokoa na milango ya magari yaliyoegeshwa. Mlango wa gari ukifunguka wote hutokeza takribani mita moja, na anayeufungua mara nyingi anawaza mfuko wake na funguo zake. Kwa hiyo ninapita umbali wa mlango mzima na zaidi, hata kama njia ya baiskeli imechorwa ndani ya eneo hilo la hatari, jambo ambalo wapanga barabara hulifanya mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimejizoeza pia kuyasoma magari yaliyosimama: taa nyekundu za breki zilizozimika sasa hivi, tairi la mbele ambalo bado limepinda, taa ya ndani inayowaka, na kichwa cha mtu kinachoonekana juu ya kiti au katika kioo cha pembeni. Ukiona viwili kati ya hivyo kwa pamoja, weka vidole kwenye breki na uamini kwamba mlango utafunguka. Ukiwa wewe ndiye abiria, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Mwili hulazimika kugeuka na macho hutazama nyuma bila kukumbushwa. Kanuni ile ya Uingereza inapendekeza hivyo, na ni jambo ambalo unaweza kumfundisha kila anayekupa lifti.

Makutano yanahitaji uangalifu kuliko mahali pengine popote. Sentensi utakayoisikia mara nyingi kutoka kwa dereva aliyekaribia kukugonga ni kwamba hakukuona, na baada ya mazungumzo kadhaa ya namna hiyo kupitia madirisha ya magari nimefikia uamuzi wa kuwaamini. Nguzo iliyo pembeni mwa kioo cha mbele cha gari inatosha kumficha mtu na baiskeli yake, na endapo wewe na gari mnaelekea mahali pamoja kwa mwendo usiobadilika, unaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyo hadi dakika ya mwisho. Ndiyo maana ninapoikaribia barabara ndogo yenye gari linalongoja kuingia, hubadilisha mwendo kidogo au husogea upande, ili nitoke nyuma ya nguzo na niutafute uso wa dereva. Kukutana macho si uthibitisho kwamba amekuelewa. Tazama tairi lake la mbele, kwa kuwa mzunguko wa gurudumu huonekana kabla ya mwendo wa gari zima.

Malori na mabasi yana sheria yao, na sheria hiyo ni fupi: usipenye kati ya gari refu na ukingo linaposubiri kwenye taa, hata kama nafasi inakuvutia na hata kama kuna njia ya baiskeli iliyochorwa hapo. Dereva aliyeketi juu haoni kilicho chini ya dirisha lake la upande wa pili, na gari linapokata kona magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele, yakilifagia eneo ambalo ulidhani ni lako. Subiri nyuma yake, au kama una hakika ya muda wa kutosha, tangulia mbele kabisa mahali ambapo dereva anakuona mwili mzima. Kwa basi linalosimama kila kituo, na ambalo utalipita na kupitwa nalo njia nzima, ushauri wangu ni kuachana nalo mapema: simama nyuma yake mara moja, vuta pumzi, liache liende zake. Dakika utakayopoteza utairudisha kwenye taa zinazofuata.

Watembea kwa miguu ni sura tofauti, kwa sababu hapo wewe ndiye mwenye chombo. Watu huvuka barabara kwa masikio kuliko tunavyofikiri, na baiskeli haina sauti. Asiposikia injini hudhani njia ni nyeupe. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unapita zaidi ya mita tano kila sekunde, hivyo kengele inayopigwa ukiwa karibu haimpi mtu nafasi ya kuamua, bali inamshtua tu, na aliyeshtuka huruka upande wowote, mara nyingi ule ule uliokusudia kupita. Piga kengele mapema, mara moja, kisha punguza mwendo kana kwamba hukupiga. Katika njia wanayoshiriki wote naona sauti ya binadamu inafaa zaidi. Ukisema kwa upole “naomba njia” watu hugeuka na kukupisha, ilhali kengele ile ile ikirudiwa mara tatu huwafanya wakaze mgongo. Kwa wenye vipokea sauti masikioni hakuna kengele wala sauti itakayosaidia, kwa hiyo wapite kwa umbali na kwa mwendo wa taratibu.

Kuhusu waendesha baiskeli wenzetu nitasema kidogo, ingawa wao ndio wanaonikera kuliko wote. Yupo anayekuja upande usio wake bila taa na kutegemea wewe ndiye utakayejitupa kwenye magari. Yupo pia anayekupita mkiwa mmesimama kwenye taa nyekundu, akajiweka mbele yako, halafu ikiwaka ya kijani akaondoka kwa mwendo wa konokono. Wa kwanza mwachie nafasi ya kukaa upande wa ukingo, kwa kuwa wewe ndiye unayeweza kuangalia nyuma kabla ya kuhama. Wa pili mvumilie. Juu ya kupita taa nyekundu au alama ya kusimama, najua kwamba jimbo la Idaho nchini Marekani tangu mwaka 1982 limewaruhusu waendesha baiskeli kuichukulia alama ya kusimama kama alama ya kutoa njia, na kwamba mjini Paris kuna vibao vinavyoruhusu baiskeli kupita baadhi ya taa nyekundu kwa tahadhari. Hizo ni ruhusa zilizotungwa kisheria. Pasipo na ruhusa hiyo, ninasimama, kwa sababu ya kibinafsi kabisa: kila anayepita taa nyekundu hunipunguzia haki ya kulalamika.

Hasira inahitaji uamuzi wa mapema, kabla haijawaka. Dereva aliyekubana utamkuta kwenye taa zinazofuata, dirisha liko wazi, na maneno yako tayari mdomoni. Usigonge gari lake. Mtu aliyegongewa bati hasikii tena hoja, na yeye ndiye aliye na chombo kizito. Kama jambo lilikuwa la hatari, shika namba ya gari, kumbuka mahali na saa, kisha uripoti kwa utulivu kunakohusika. Kama lilikuwa la kuudhi tu, liache, kwa kuwa ukiendesha ukiwa unafikiria majibu ambayo ungempa hutauona mlango wa gari unaofuata.

Kero nyingine zinatoka kwenye baiskeli yenyewe, na hizi zinatibika kwa urahisi. Tangu John Boyd Dunlop alipolipatia tairi lake la upepo hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1888 hatujapata dawa kamili ya pancha, lakini tumejifunza kuzisoma. Ukikuta matundu mawili yaliyo sambamba kwenye tyubu, upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu kwenye ukingo wa shimo. Jaza kulingana na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na tatizo litapungua. Ukikuta tundu moja dogo, usiharakishe kuvisha tyubu mpya. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi, kwa kuwa mwiba au kipande cha chupa bado kimo humo na kitakutoboa tena kabla hujafika. Mafundi makini huvisha tairi ili maandishi yake yakae mkabala na valvu, hivyo ukiona tundu lilipo kwenye tyubu unajua moja kwa moja pa kutafuta kwenye tairi. Siku ya mvua, breki zinazobana rimu huchelewa kushika hadi zikaushe maji kwanza, kwa hiyo zibonyeze kidogo kidogo mapema. Mistari iliyopakwa rangi, mifuniko ya chuma na reli za tramu (treni za mitaani) vivuke baiskeli ikiwa wima, bila kukata kona wala kufunga breki juu yake.

Ukifika kazini utaulizwa kama gari limeharibika. Jibu kwa ufupi na uendelee na shughuli zako, kwani maswali hayo hukoma yenyewe wenzako wakishazoea. Jasho halina ufumbuzi wa ajabu: pakia mzigo kwenye keria badala ya mgongoni, punguza mwendo kilomita ya mwisho, na upoe kidogo kabla ya kubadilisha nguo, maana mwili huendelea kutoka jasho baada ya kusimama.

Suala la maegesho linastahili juhudi zaidi. Funga fremu pamoja na gurudumu kwenye kitu kilichochimbiwa chini, kisiwe nguzo fupi ambayo mtu anaweza kuinyanyulia baiskeli juu yake, na uchague mahali penye mwanga na wapita njia kuliko uchochoro uliojificha. Mlinzi anayekukatalia kuingia na baiskeli kwa kawaida anatekeleza agizo ambalo hakulitunga, hivyo kubishana naye kila asubuhi ni kumwonea. Mwandikie msimamizi wa jengo, taja sehemu hasa unayoipendekeza, eleza ni wafanyakazi gani wengine watakaoitumia, na umkumbushe kwamba nafasi ya gari moja inatosha kuegesha baiskeli zipatazo kumi.