Kitambaa Kisichoshika Moto: Kifue Kwanza, Ndipo Ujisifu

Juzi mwanafunzi mmoja wa kemia aliniandikia: “Mwalimu, kitambaa changu cha pamba kinagoma kuwaka, lakini nikishakifua kinateketea chote. Nifanyeje?” Swali hilo nimelipigania miaka mingi.

Pamba ni selulosi, yaani nyuzinyuzi zinazojenga mimea. Ikifikia joto la nyuzi 350 hivi za Selsiasi huvunjika na kutoa mvuke wa levoglukosani, na mvuke huo ndio unaoulisha moto. Fosforasi, ambayo hutiwa kwenye kitambaa ili kisiwake, huikatiza njia hiyo: ikipashwa joto hutoa asidi ya fosforiki, asidi huinyang'anya selulosi maji, na sehemu kubwa hubaki makaa badala ya kuwa mvuke. Mkemia Mfaransa Gay-Lussac alikinga vitambaa na moto kwa fosfati ya amonia na boraksi tangu 1821, ila chumvi hizo huyeyuka kwenye maji.

Nilipotaka kuifunga fosforasi kwenye uzi wenyewe, mkubwa mmoja wa maabara aliniambia mbele ya wenzangu kwamba namaliza kemikali za watu bure. Maneno yale yananiuma hadi leo. Mwezi uliopita kipande changu kilifuliwa mpaka kikapauka, kikaning'inizwa wima, kikatiwa moto chini kwa sekunde 12. Kichomeo kilipoondolewa, moto ukazimika wenyewe. Nilikishika pale palipoungua: makaa magumu, na mistari ya ufumaji bado inaonekana. Nilijivunia, sifichi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fosforasi usiipake, ifunge. Loweka kitambaa katika THPC (kemikali yenye fosforasi) iliyounganishwa na urea, kipitishe kwenye gesi ya amonia, kisha ukioksidishe kwa peroksaidi ya haidrojeni; polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli, itajijenga ndani ya uzi na haitapata pa kutokea. Naitrojeni iliyomo nayo huisaidia fosforasi kazi. Usifanye haya bila chemba ya kutolea hewa chafu, maana formaldehidi, gesi inayotoka kwenye kazi hii, haina urafiki na mapafu. Nasema tena: ifunge!

Halafu chunguza maji yako. Maji magumu yana kalsiamu, nayo hujishikiza kwenye fosfati iliyo na asidi. Chumvi inayotokea haitoi asidi kirahisi joto linapokuja, hivyo kitambaa huwaka na fosforasi yote imo ndani. Kabla hujaitupa fomula yako, fua kipande kimoja kwa maji yasiyo na madini na kingine kwa maji ya bomba, kisha vichome vyote viwili.