Bei ya Bunduki ya Kale ya Uwindaji Haitokani na Umri Wake

Familia nyingi za hapa Mwanza zinazoniomba nizikadirie bei ya bunduki ya uwindaji aliyoiacha mzee huanza kwa kunitajia umri wake. Umri peke yake hauuzi. Bunduki ya mwaka 1935 iliyopigwa msasa na kupakwa rangi upya inaweza kushindwa bei na ya mwaka 1960 ambayo haikuguswa, kwa kuwa anayenunua vitu vya kale hulipia uhalisia, yaani alama za kiwandani zinazosomeka na ule weusi wa chuma ulioachwa ufifie wenyewe. Kwa hiyo msimpe fundi aing'arishe kwanza.

Karatasi nazo hutangulia bei. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na shamba. Silaha ipelekwe polisi, kisha warithi wafuatilie uhamisho wakiwa na nyaraka za mirathi. Isiyo na karatasi naihesabu kuwa haina bei, hata ikiwa ni ya kiwanda mashuhuri cha London, Holland & Holland.

Nikishahakikisha haina risasi, humulika ndani ya mtutu, na hapo ndipo fedha nyingi hupatikana au hupotea. Risasi za zamani zilikuwa na fataki (kiwashio cha baruti) zilizoacha chumvi, chumvi huvuta unyevu, na huku ziwani unyevu hatuukosi. Mwindaji aliyerudi kutoka Maswa akaiweka bila kuosha mtutu kwa maji ya moto na kuupaka mafuta aliacha vishimo vya kutu visivyofutika. Mifuo, yaani michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, ikiwa imelika karibu na mdomo wa mtutu, shabaha imeharibika, nami hushusha makadirio yangu kwa nusu au zaidi. Mkoba wa asili wa ngozi huongeza thamani, ingawa bunduki isihifadhiwe humo, maana ngozi hushika unyevu.

Baada ya hapo hutafuta ufa wa kitako nyuma ya chemba (sehemu risasi inapokaa), ambao ni wa kawaida kwa bunduki zenye teke kali, na matundu ya darubini yaliyotobolewa baadaye. Kwa zile za Mauser, za Kijerumani, hulinganisha namba ya komeo (kipande kinachofunga chemba) na ya mwili, nijue kama vilitoka kiwandani pamoja. Winchester Model 70, bunduki ya Kimarekani, iliyotengenezwa kabla ya 1964 hutafutwa zaidi, kwa sababu mwaka huo kiwanda kilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama.

Linalowaudhi warithi ni suala la risasi. Bunduki ya kipimo cha risasi cha .375 H&H, kilichoanzishwa na Holland mwaka 1912, bado inatengenezewa risasi na bado inaangusha nyati; ya .318 Westley Richards inaweza kugombewa na wakusanyaji wa Uingereza, lakini mwindaji wa hapa ataiuliza itakula nini, maana risasi zake ni adimu.

Ndiyo maana huwapa warithi makadirio mawili: atakacholipa mwindaji wa hapa, na kinachobaki kutoka mnadani ng'ambo baada ya kuondoa vibali, usafirishaji na kamisheni. Yakikaribiana, huwashauri wamuuzie mwindaji wa hapa ambaye polisi wameshamruhusu kumiliki silaha ya aina hiyo.