Lokapu: Kuingia Rahisi, Shughuli ni Kutoka

Wiki iliyopita, katika gereji yetu huku Changamwe, kijana mmoja alimaliza kufunga nyaya za lokapu (klachi iliyo ndani ya konvata, chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi; ikishika, viwili hivyo huzunguka pamoja bila kuteleza) kwenye giaboksi ya otomatiki ya 700R4 kwa unadhifu ambao mimi katika umri wake sikuwa nao: kila kiungo kimelehemiwa, kila waya umevishwa mpira, na fyuzi ya ampia 10 imekaa mahali mkono unapofika. Nilishika testa ya taa kwenye waya unaokwenda pini A ya giaboksi, nikamwambia akanyage breki. Taa ikawaka, naye akatabasamu akidhani amefaulu, kumbe ilipasa kuzimika. Huyo ni mwanagenzi wa tatu kutumbukia katika shimo hilo mbele ya macho yangu, na kwa kuwa mimi nilitumbukia humo kabla hawajajua spana ni nini, naona ni haki niwaonyeshe lilipo.

1. Kompyuta ya gari hilo ni wewe. Lokapu haikuletwa na kompyuta. Packard waliiweka kwenye Ultramatic yao mwaka 1949. General Motors walipotoa 700R4 mwaka 1982, moto ulipitia swichi ya breki, ukaingia giaboksi kwa pini A, na kwenye magari yenye kompyuta, kompyuta ndiyo iliyokamilisha hasi kwenye pini D. Ukiihamishia giaboksi hiyo kwenye gari la kabureta, hakuna wa kuamua isipokuwa rilei (swichi inayogeuzwa na umeme), swichi na akili ya aliyezifunga. Hapa kwetu lokapu ni jina la seli ya polisi pia, na mfano huo unawatosha: kuingia ni rahisi, shughuli ni kutoka. Klachi ya konvata ikikataa kushika, mteja atalipia mafuta zaidi na oili itapata joto. Ikikataa kuachia, mteja humpati tena.

2. Someni namba zilizo chini ya rilei, hata kama mmeshafunga rilei mia. Mimi sikuzisoma. Gari lilikuwa Chevrolet Impala ya mwaka 1967, mali ya mzee mmoja wa Kizingo aliyekuwa akilikodisha kwa harusi. Giaboksi yake ya awali ilikuwa ya gia mbili tu, naye aliagiza 700R4 ili injini isipige kelele safari ya Malindi, kwa sababu gia ya nne ya giaboksi hiyo ni 0.70, yaani injini huzunguka mara 0.70 tu kila shafti ya kutokea ikizunguka mara moja. Nilichukua rilei ya pini tano: 85 nikaipa hasi, 86 nikaipa waya wa taa za breki, 30 nikaipa moto wa fyuzi, na waya wa giaboksi nikauchomeka 87. Ulipasa kuingia 87a. Mguu usipokuwa kwenye breki rilei imelala, na 30 imeungana na 87a. Breki ikikanyagwa rilei huamka, na 30 huhamia 87. Kwa kupuuza herufi moja, nilikuwa nimetengeneza gari linaloachia lokapu safari nzima na kuishika pale tu dereva anapotaka kusimama. Pini D niliipeleka hasi moja kwa moja, na swichi ya vakyumu (inayokata lokapu kwa kufuata mvuto wa hewa wa injini) sikuiweka kabisa, nikiiona kuwa ni pambo. Uani gari halikuonyesha kasoro yoyote, kwa maana katika 700R4 oili ya kuishika konvata hutoka kwenye mkondo wa gia ya pili, na uani hakuna aliyewahi kutoka gia ya kwanza.

Jumamosi hiyo msafara ulivuka daraja la Nyali kuingia kisiwani, pikapu ya matarumbeta ikiwa mbele na Impala nyuma yake na bibi harusi ndani. Pikapu ikasimama ghafla, na mzee akakanyaga breki. Lokapu ikashika katika gia ya nne, magurudumu yakaiburuta injini chini ya mwendo inaoweza kuuhimili, ikatetemeka mara mbili, ikazimika. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na breki ikabaki na msaada wa mkanyago mmoja au miwili tu. Gari lilisimama shubiri mbili kutoka kwa mpiga tarumbeta, ambaye nasikia hakukatiza wimbo. Mzee akanipigia simu huku honi za matatu zikimzonga: "Fundi, gari lako linaogopa breki."

Alikuwa amenipa jibu zima kwa maneno matano, nami nikaenda kufungua kabureta. Kwa siku tatu nikaosha jeti, nikapandisha mwendo wa injini isipokanyagwa mafuta, nikabadilisha pampu ya mafuta iliyokuwa nzima na kumtoza mzee bei yake. Gari likazimika tena pale Makupa. Siku ya nne nilikuwa nimekaa kwenye usukani nikikanyaga breki ili tukague taa za nyuma, na mwanagenzi wangu wa miezi miwili alikuwa chini ya gari na testa, ameisahau kwenye waya wa giaboksi. Akasema kwa adabu, "Samahani fundi, huku kunawaka ukikanyaga." Nikamwambia anyamaze na ashike vizuri. Akashika vizuri. Ikawaka. Bei ya pampu nilirudisha, lakini mzee nilimwambia kwamba waya ulikuwa umelegea, na uwongo huo ninauungama leo.

3. Vakyumu ya swichi ichukueni kwenye tundu la kabureta lililo juu ya kipepeo (kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta), ili lokapu iachie injini ikiwa haijakanyagwa na iachie tena ikikanyagwa hadi mwisho.

4. Kebo ya TV (inayotoka kwenye kabureta na kuiamulia giaboksi shinikizo la oili) irekebisheni kabla ya kugusa waya wowote, kwa sababu ikilegea shinikizo hushuka, na klachi za gia ya tatu na ya nne huungua mkiwa bado mnatafuta hitilafu ya umeme.

5. Mteja akiomba swichi ya mkono kwenye dashibodi, mwekeeni, lakini iungeni mfululizo na swichi ya vakyumu, isiwe badala yake. Niliwahi kumfungia mmoja swichi tupu, akaisahau ikiwa imewashwa, akapanda Mazeras na mifuko ya saruji hadi konvata ikaanza kutetemeka, na oili tuliyoimwaga baadaye ilinuka kama wali ulioungulia sufuriani.

6. Jaribio ni la barabarani, si la uani. Shikeni kilomita 80 kwa saa, mguu wa kulia usicheze, kisha wa kushoto uguse breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa tu. Mizunguko ya injini ipande kidogo, nanyi mkiachia ishuke. Ikishuka mnapogusa, geuzeni gari, rudini gereji, na kabureta msiiguse.