Ruzuku ya pamba Marekani na mbolea nafuu kwetu: je, sheria ni moja?

Swali: Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, Mombasa, na shemeji yangu analima pamba Mpeketoni, Lamu. Yeye hushikilia kwamba bei yake huangushwa na ruzuku wanazolipwa wakulima wa Marekani. Hilo lawezekanaje, ilhali pamba yake haiuzwi huko? Na ikiwa ruzuku zimepigwa marufuku katika biashara ya dunia, mbona serikali yetu inauza mbolea ya ruzuku?

Jibu: Shemeji yako ana haki ya kulalamika. Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba humlipa mkulima kwa kukadiria bei atakayopewa na wasokotaji nyuzi, nao wasokotaji hutazama soko la dunia, kwa kuwa pamba ya hapa ikizidi bei wataagiza ya nje. Marekani ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pamba duniani, na mkulima wa huko anapohakikishiwa malipo ya hazina hata bei ikianguka, hana sababu ya kupunguza shamba. Marobota ambayo yangeadimika yanaendelea kumiminika, na hasara humwangukia yule asiye na hazina nyuma yake.

Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka lalamiko hilo kwa pamoja katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003. Brazil, iliyokuwa imefungua shauri mwaka uliotangulia, ilishinda, na mzozo ukamalizwa mwaka 2014 kwa Marekani kukubali kulipa dola milioni 300. Hoja ya nchi zile nne ilikuwa nzito vilevile. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba Brazil ilikuwa na soko kubwa la kutosha kutishia kulipiza kwa kuzitoza ushuru bidhaa za Marekani.

Kuhusu marufuku, sivyo ulivyoelezwa. Mkataba wa Kilimo wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unawekea mipaka hasa misaada inayofungamana na bei au wingi wa mazao, huku utafiti, huduma za ugani na malipo yasiyodai mkulima azalishe chochote yakiachwa bila kikomo. Ruzuku za kusukuma mazao nje ndizo zilizokubaliwa kuondolewa, katika mkutano wa shirika hilo uliofanyika Nairobi Desemba 2015. Nchi zinazoendelea, kwa upande wao, zinaruhusiwa kuwapunguzia gharama za pembejeo wakulima wenye kipato kidogo, na ruzuku hiyo haihesabiwi katika kikomo chao. Kwa hiyo mbolea iliyoshushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023 haikuhitaji kuivunja sheria yoyote ya shirika hilo. Kinachotubana ni mfuko wa hazina yetu wenyewe.

Lakini si kila bidhaa nafuu ya nje ni balaa kwa wote. Sehemu kubwa ya ngano yetu huingia kwa bandari hapo Kilindini, na bei yake ikishuka, mama wa mahamri hufurahi siku ileile ambayo mkulima wa Narok hunung'unika.

Kwa shemeji yako, hata ruzuku za Marekani zikifutwa kesho, nafuu ya bei haitaziba pengo la mbegu hafifu, mvua isiyotabirika na safari ndefu ya mzigo hadi kiwandani. Shilingi ya serikali ikiwa ni moja tu, mimi ningeitia katika mbegu na ugani kabla ya mbolea.