Massey 35: kutoa dainamo, kuweka alternata

Mkuu, umeuliza kama dainamo ya trekta ya Massey 35 inaweza kutolewa ikawekwa alternata, maana zote kazi yake ni kuchaji betri. Inawezekana, alternata ya volti 12 yenye regyuleta (kidhibiti cha chaji) ndani inakaa vizuri. Ila kabla ya yote tazama betri: trekta nyingi za Uingereza za enzi hizo zilifungwa waya wa chanya wa betri kwenye bodi. Alternata za siku hizi zinataka hasi ndiyo iwe kwenye bodi. Ukikosea, daiodi zake (vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinaungua papo hapo. Geuza betri, geuza na nyaya za ameta (kipimo cha mkondo wa umeme). Stata (mota ya kuwashia injini) usiiguse, itazunguka upande uleule. Kiboksi cha katauti, kile cha nje kinachodhibiti chaji ya dainamo, toa kabisa. Waya mnene wa B+ (sehemu alternata inapotolea umeme) uende betri, na D+ (sehemu ndogo ya kuiamsha) ipitie taa ya chaji kwenye swichi. Bila balbu hiyo alternata nyingi haziamki, yaani hazianzi kuchaji, na mafundi wengi huiruka!