Fedha Zetu: Akiba ikae wapi katika mji wa Goma?

*Wiki hii tunajibu barua tatu kutoka Goma. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu wasomaji wengi wa Kivu wametuuliza jambo hilo hilo.*

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, ninauza vitenge Birere. Akiba yangu ilikuwa benki hadi benki zilipofungwa vita ilipoingia mjini mwezi wa Januari 2025, nikakaa miezi mingi bila kuigusa. Sasa nimekusanya tena dola 1,800, nazo ziko nyumbani. Wenzangu wananishauri niongeze mzigo dukani kwa fedha zote. Nifanye nini? — *Mama wa Birere*

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, na ninakupongeza kwa kuanza kuweka akiba upya baada ya pigo kama lile. Hata hivyo, ushauri wa wenzako usiufuate wote. Mzigo ni mtaji wa kazi, hauwezi kuwa akiba, kwa maana siku mtoto atakapougua au barabara zitakapofungwa, wateja nao watakuwa wamekosa fedha, na kitenge ulichonunua kwa bei nzuri utakiuza kwa hasara ili upate chakula cha jioni. Tena Birere ni mtaa wa nyumba za mbao zilizobanana, na moto ukizuka hapo hauchagui duka.

Anza kwa kuhesabu matumizi ya nyumba. Tuseme familia yako inatumia dola 250 kwa mwezi: basi dola 750, yaani matumizi ya miezi mitatu, zisiguswe na biashara kabisa. Fedha hizo zigawe. Sehemu moja iwe faranga, kwa kuwa sokoni unanunua kwa faranga; sehemu iwe dola; na sehemu iwe katika M-Pesa au Airtel Money, kwa laini iliyoandikishwa kwa jina lako mwenyewe, si la shemeji wala la mtoto. Ubora wa simu ni kwamba unaondoka nayo ukilazimika kuondoka. Udhaifu wake mliuona wenyewe mwaka 2025, mawakala walipoishiwa noti na waliotaka kutoa fedha wakakatwa asilimia kubwa. Kwa hiyo usiweke humo zaidi ya theluthi.

Kuhusu faranga na dola, wengi wetu tumejifunza kwa uchungu. Mwaka 2015 dola moja ilibadilishwa kwa takriban faranga 920, na mwaka 2024 ilikuwa imepita faranga 2,700. Aliyefungia faranga 920,000 sandukuni wakati ule alikuwa na thamani ya dola 1,000, na miaka tisa baadaye zilibaki kama dola 340 tu, ingawa hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Akiba ya muda mrefu kwa hiyo ni afadhali iwe dola. Lakini usichukue kila noti unayopewa: mbadilishaji wa fedha pale mpakani ataiinua kwenye mwanga, atapitisha kidole gumba pembeni, na akikuta mchaniko mdogo kama punje ya mchele ataikataa au ataikata bei. Huko Marekani noti iliyoharibika hulipwa thamani yake yote iwapo zaidi ya nusu yake ipo, ila Goma sheria hiyo haikusaidii. Pokea noti safi za matoleo mapya, usizikunje, zifunge mahali pakavu.

Dola 600 zinaweza kuingia dukani, kidogo kidogo, katika vitenge ambavyo tayari unajua vinatoka. Dola 450 zilizobaki ningezipeleka kwenye AVEC, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, si kwenye likirimba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu. Likirimba ina heshima yake, na mama zetu wamesomesha watoto kwa njia hiyo, lakini haizalishi kitu: watu 12 wakitoa dola 20 kila mwezi, kila mmoja atapokea 240 alizozitoa mwenyewe, na vita ikikatiza mzunguko, wa mwisho kwenye orodha ndiye anayelia. Katika AVEC mnanunua hisa, mnakopeshana kwa riba mliyokubaliana, na mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja, mnagawana fedha zote pamoja na faida. Kabla ya kuingia, angalia kasha: liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu tofauti, na fedha zihesabiwe mbele ya wote. Mahali ambapo rais wa kikundi anashika kasha na funguo zote, usiache hata faranga. Na usinunue hisa zote kwa mkupuo mmoja. Nunua kila mnapokutana.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ndilo linalowamaliza wafanyabiashara wengi: mzigo ukikwama, usikimbilie Banki Lambert, yaani wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa. Ukikopa dola 100 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi na ukaweza kulipa riba peke yake, baada ya miezi minne umetoa dola 120 na deni la 100 bado liko palepale. Hizo dola 750 za nyumbani kazi yake ni pamoja na kukuzuia usibishe mlango huo.

SWALI: Nimepata parseli, yaani kiwanja, ya dola 2,500 upande wa Mugunga. Muuzaji ana karatasi iliyosainiwa na chefu wa avenue (kiongozi wa barabara ya mtaa) na mashahidi wawili. Mke wangu anataka tungoje. Nani yuko sahihi? — *Mwalimu, Ndosho*

JIBU: Mke wako, Mwalimu. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali, na haki ya raia juu yake huthibitishwa na certificat d'enregistrement, yaani hati ya usajili wa ardhi, ambayo huandikwa nakala mbili: moja hubaki katika kitabu cha ofisi ya ardhi, nyingine hupewa mwenye haki. Karatasi ya chefu wa avenue inaonyesha tu kwamba majirani wanamfahamu muuzaji. Anaweza kuwa ameiuza parseli hiyo kwa watu wengine wawili, kila mmoja na mashahidi wake.

Kuna uzito mwingine. Tangu Januari 2025 ofisi za mji haziko chini ya utawala wa Kinshasa, na hati inayotolewa leo inaweza kupingwa kesho. Nisingeweka akiba ya miaka mingi juu ya hati ya namna hiyo. Msingoje mikono mitupu, lakini: kama ndoa yenu haijaandikishwa kwa ofisa wa serikali, kaiandikisheni, na siku ya kununua, majina yenu yote mawili yaingie kwenye hati. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi na inamlinda mjane akae katika nyumba ya ndoa, lakini mjane asiye na karatasi hufukuzwa na mashemeji kabla hakimu hajasikia jina lake.

SWALI: Kikundi cha WhatsApp kinaahidi dola 140 kwa kila dola 100, baada ya siku thelathini. Nimeshaweka 100, na nimelipwa mara ya kwanza. Niongeze? — *Motari wa Majengo*

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Malipo ya kwanza hutoka kwenye fedha za walioingia nyuma yako, na hulipwa makusudi ili uongeze na uwalete wengine. Kinshasa waliyaona hayo na Bindo, iliyoanguka mwaka 1991 na kumeza akiba za watu wengi sana. Hakuna biashara halali ya Goma, iwe makaa, mafuta au vitenge, inayotoa asilimia 40 kila mwezi bila kukosa. Toa fedha zako zote leo, usiache hata faida. Kama umekwisha kumwingiza ndugu au rafiki, mpigie simu kabla ya jioni, umwambie naye atoe.