Muulize Agronomu: Orodha ilihesabu nyumba, shamba langu je?

SWALI

Papa Agronomu, jambo. Mimi ni mama wa watoto watano, nalima upande wa Kibati, kaskazini ya Goma. Volkano ya Nyiragongo ilipotoka usiku ule wa 22 Mei 2021, nyumba yangu ilipona, lakini shamba la maharagi lilifunikwa lote na lava. Nilikuwa nimelikodi. Watu walipopita kuandika walioathirika, kijana mwenye daftari aliniuliza, "Nyumba imeungua?" Nikasema hapana. Akageuza ukurasa. Sasa mwenye shamba ananidai kodi ya msimu, na kila nikienda ofisini naambiwa nirudi Jumatatu. Serikali haina msaada wa mkulima? Na pale kwenye jiwe nitalima tena lini?

Mama wa Kibati, Nyiragongo

JIBU

Pole sana, Mama. Nianze na lile la mwisho, maana ndilo chungu: pale hutalima tena. Nenda kaangalie lava ya 1977, iko huko huko kwenu. Miaka zaidi ya 40 imepita, majani na vichaka vimeshika, lakini piga jembe uone linavyolia. Mimi mwenyewe, volkano ilipotoka 17 Januari 2002, nilipoteza ploti ya kabichi hapa Goma. Nilibeba udongo kwa vikapu, nikajaza mashimo katikati ya mawe, nikapanda maboga. Nilivuna sita. Mke wangu bado ananicheka. Na wewe usijaribu mwaka huu: chini bado kuna moto, na kwenye mabonde mazuku, ile hewa ya sumu itokayo ardhini, hutulia bila harufu. Mbuzi huingia akila majani, asitoke.

Sasa kijana wa daftari. Simtetei, ila nakueleza alichokuwa anahesabu. Siku za kwanza msaada ni hema, blanketi, unga na maji, kwa hiyo swali ni nyumba. Msaada wa mkulima hupita mlango mwingine, wa watu wa kilimo, na ukija huja kama mbegu na majembe. Jina lako kukosa kwenye orodha ya nyumba si mwisho wa habari. Lakini mlango huo wa pili haukujui hata kidogo mpaka uupelekee karatasi.

Karatasi iandikwe kishamba. Usiandike "nimepoteza kila kitu", hayo wanayasoma tangu asubuhi. Andika shamba lilikuwa hatua ngapi kwa ngapi, linapakana na nani, ulipanda kilo ngapi za mbegu, tarehe gani, na tarehe 22 Mei maharagi yalikuwa yamefikia wapi. Hapo ndipo penye uzito, Mama. Msimu B tunapanda mwezi wa pili na wa tatu, tunavuna wa sita. Palizi ulishamaliza, vibarua ulishawalipa, maganda yalikuwa yanajaa. Aliyepoteza shamba mwezi wa tatu alipoteza mbegu. Wewe umepoteza chakula chenyewe. Majirani wawili watie sahihi, kisha nyumbakumi, kisha shefu (chifu wa eneo) na muhuri wake. Toa fotokopi tatu, moja ibaki nyumbani. Na anayekuomba pesa ili aandike jina lako, mwache aondoke na kalamu yake.

Wapo wengine wananiandikia ambao lava haikuwafikia, lakini walikimbilia Sake, Rutshuru au Gisenyi baada ya amri ya 27 Mei ya kuondoka mjini, wakarudi mwezi wa sita wakakuta maharagi yamevunwa na watu wasiowajua. Hiyo nayo ni hasara ya volkano. Iandikeni peke yake, msiichanganye na ya lava, la sivyo mkaguzi akienda na kukuta udongo mzima atawaita waongo.

Kodi. Mwenye shamba wako naye amelia: wewe umepoteza msimu, yeye amepoteza shamba. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Leta, yaani serikali, yeye alikuwa na haki ya kuutumia tu, kwa hiyo asidhani kuna mtu anakuja kumlipa bei ya kiwanja. Nendeni wote wawili kwa shefu, siku moja. Yeye aandikishe ardhi, wewe uandikishe maharagi, na kodi muizungumze hapo mbele ya mashahidi. Mkienda kila mtu kivyake, faili zitapingana na zote mbili zitawekwa chini ya meza. Ila macho yako yawe wazi asije akaandikisha maharagi yako kuwa yake. Nimeliona hilo mwaka 2002.

Usiombe pesa kwanza. Ikija, pokea, lakini pesa ya orodha ndefu hufika imekonda. Omba mbegu, na omba shefu akuonyeshe mahali pa kulima msimu A, kwa sababu mwezi wa tisa mvua haitangoji Jumatatu ya mtu. Mbegu ikifika mwezi wa kumi na moja, mtaipika.

Una ng'ombe au mbuzi? Hukusema. Kama wanakula majani yaliyoangukiwa na majivu, yaoshe kwanza, na maji ya kunywa yafunikwe. Majivu ya volkano yana floridi, huharibu meno na mifupa ya mnyama polepole.

Kijana wa daftari akirudi, mpe karatasi mkononi kabla hajafungua mdomo kuuliza habari ya nyumba.